Plastiki Haina Kiu

 

Leo asubuhi nilipita stendi ya Maua kabla ukungu haujainuka. Nikaona kitu ambacho ninyi wasikilizaji mmekiona mara mia na hamjakisemea. Probox nyeupe imesimama, boneti inang'aa, milango haina doa. Lakini bampa ya mbele imeambuka rangi vipande vipande, kama nyoka aliyekatizwa katikati ya kujivua gamba. Chini ya ile rangi nyeupe bampa ni nyeusi tititi. Mwenye gari yuko kando, mkono kiunoni, anamlaani muuza rangi. Rangi feki, anasema. Siku hizi kila kitu feki.

Mimi leo nimekuja kumtetea muuza rangi.

Rangi ile ile, ya mkebe ule ule, imekaa kwenye boneti wala haijabanduka. Imeshindwa kukaa kwenye bampa kwa sababu boneti ni bati na bampa ni plastiki, na plastiki ina tabia zake. Kesi hii sikuijua kwa kumiliki Probox, maana sina. Niliijua kwa mchezo wa kitoto, na nitawasimulia bila haya ingawa kichwa changu kimejaa mvi.

Mtoto wa dada yangu anaishi Ujerumani. Aliporudi likizo aliniletea kasha la karatasi ngumu. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki, vidogo kwa vikubwa, vimeshikana kwenye fremu kama maembe mabichi kwenye kikonyo. Milango, viti, usukani usiozidi sarafu ya shilingi kumi.

"Mjomba," akaniambia, "hii ni ile Datsun."

Ile Datsun! Nyinyi vijana mnaijua Safari Rally ya Naivasha, hii iliyorejea kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Sisi tuliijua ile ya Pasaka, iliyokuwa ikizunguka Mlima Kenya usiku na mchana, na watoto tukipanda juu ya kingo za barabara kusubiri vumbi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda kwa Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Miaka miwili baadaye Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Kampuni ya Kijapani iitwayo Hasegawa imelitengeneza gari la mwaka 1971 kwa plastiki, kwa kipimo cha moja kwa ishirini na nne, ukalibandike mwenyewe nyumbani. Imetengeneza pia Mitsubishi Lancer ambayo Joginder Singh alishindia mwaka 1974. Fikirini hilo. Sisi tuliokula lile vumbi hatuna hata moja dukani Maua, na kuna mtu Osaka au Munich ameketi mezani jioni anaunganisha gari lililokuwa limejaa matope yetu.

Basi nikakaa mezani na mimi. Kuunganisha hakukunishinda. Gundi yake yenyewe ni ya ajabu kidogo, kwa sababu kazi yake ni kuyeyusha kingo za plastiki mbili zikaingiana, kisha ile dawa ikiruka kunabaki kitu kimoja. Likumbukeni hilo la kuyeyuka, tutalirudia. Gari likasimama, urefu wake kama sentimita 17, la kijivu, zuri. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua mkebe wa rangi nyekundu ya kupuliza, ile ambayo watu hupaka fremu za baiskeli. Nikapuliza. Wasikilizaji, kwa siku mbili nyumba yangu haikuwa na kitu kizuri kuliko lile gari. Siku ya tatu nikaliinua kumwonyesha jirani, na rangi ikabaki kwenye kidole gumba. Mlango wa kushoto uliambuka kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Nikasema kama yule wa stendi. Feki.

Nikalitia gari langu ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikampelekea fundi mmoja wa rangi, kijana, anayetengeneza bampa na vifuniko vya pikipiki za boda boda hapa mjini. Nilimfundisha darasa la sita. Alipoona nilichobeba alijizuia kucheka, na kwa heshima hiyo namshukuru. Nikamwambia, fundi, rangi hii wameniuzia takataka. Hakujibu. Akachukua kipande cha ubao, akachukua na bampa kuukuu, akachovya kidole ndani ya maji, akadondosha tone moja hapa na moja pale. Kwenye ubao tone lilitanda, likafifia, likaacha alama ya unyevu. Kwenye bampa lilijikunja likawa duara kama shanga, akaiinamisha bampa kidogo, shanga ikateleza ikaanguka chini. Hakuna hata alama.

"Umeona, mwalimu? Plastiki haina kiu."

Sentensi hiyo nimekaa nayo tangu siku ile.

Maana fikirini vitu vyote ambavyo wazee wetu walivipaka. Vyote vilikuwa na kiu, na ujuzi wote ulikuwa wa kuituliza. Mpaka rangi wa nyumba huwaambia kila siku, ukuta huu unakunywa, na mkono wa kwanza huutoa mwepesi ili ukuta unywe ushibe, ndipo rangi yenyewe ipate kukaa juu. Mafundi wa Pwani walipiga chokaa, kisha niru juu ya chokaa, ukuta ukawa laini kama ganda la yai. Seremala wetu hapa akiwa na mbao ya ule mti ambao vitabu vya misitu huuita mwaloni wa Meru, hupiga sila kwanza kuziba vinyweleo, la sivyo vanishi yote itazama ndani na meza itabaki na mabaka. Na waunda jahazi ndio walimu wa wote. Pamba ya kalafati kati ya mbao na mbao. Sifa, yaani mafuta ya papa, juu ya ubavu. Deheni, chokaa iliyokandwa kwa shahamu, chini kule ambako funza wa baharini hutafuna. Chombo kizima hunyweshwa mpaka kishibe, kisha ndipo kikabidhiwe bahari.

Plastiki imekuja na mambo ya kinyume. Hiyo haihitaji kutulizwa kiu. Inahitaji kutiwa kiu.

Wataalamu wana kipimo chake. Kila kimiminika kina nguvu ya kujivuta chenyewe kwa chenyewe, na kila uso mkavu una nguvu yake ya kukivuta. Maji hujivuta kwa 72 kwa kipimo hicho. Polipropilini, ambayo ndiyo plastiki ya bampa nyingi, huvuta kwa kama 30 tu. Basi tone la maji likifika pale linaona heri lijikumbatie. Rangi nayo ni kimiminika kabla haijakauka. Ikikuta uso usioivuta, inakaa juu kama mgeni aliyekalia ncha ya kiti, na siku yoyote akiguswa bega, ananyanyuka.

Habari njema ni kwamba plastiki haziko sawa. Ukiwa na gari, lala chini ya bampa yako leo, utazame upande wa ndani. Utakuta herufi zimebonyezwa kiwandani katikati ya vimshale viwili. Ukisoma P na P, hiyo ni polipropilini, mkaidi kuliko wote. Pengine zitafuatwa na T na 20, maana yake wamechanganya ulanga asilimia 20. Vifuniko vingi vya pikipiki ni plastiki ya jina A, B, S, na hiyo ni mpole zaidi. Gari langu dogo lilikuwa polistirini, mpole pia. Tatizo langu kwa hiyo halikuwa ukaidi wa plastiki. Nilipaka rangi juu ya mafuta.

Mafuta gani? Kiwandani plastiki iliyoyeyuka husukumwa ndani ya kalibu ya chuma, na ili kipande kisigande, kalibu mara nyingi hupakwa dawa ya kutelezesha. Baadhi ya dawa hiyo husafiri na kipande hadi mezani kwako. Mimi nikaongeza yangu. Nilikuwa nimeunganisha gari huku natafuna chapati. Na hapa Maua, tusidanganyane, vidole vya watu wengi vina utomvu wa miraa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kupaka rangi ni kuosha vyombo. Maji vuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu uingie kwenye vijishimo vya taa na nyufa za milango. Suuza mpaka povu na utelezi viishe. Usifute kwa taulo, litaacha nywele zake, na nywele moja chini ya rangi huonekana kama mti umeanguka barabarani. Kiache kilale, kikauke. Baada ya hapo shika kwa pembeni, au kibandike juu ya kizibo ushike kizibo.

Mimi nilitaka njia ya mkato. Nilimwona fundi ana chupa ya tina, nikanyoosha mkono niiondoe ile rangi mbovu upesi. Aliniwahi mkono kama mama anavyomwahi mtoto karibu na jiko. Mnaujua ule mpira mweupe mwepesi unaokuja umeizunguka televisheni mpya ndani ya boksi? Ukiumwagia petroli hunywea na kutoweka, unabaki ute. Ule mpira ni polistirini iliyotiwa hewa. Gari langu ni polistirini hiyo hiyo bila hewa. Tina kali ingelimaliza boneti mbele ya macho yangu. Ndiyo maana nikasema likumbukeni lile la gundi: kinachounganisha plastiki kwa kuiyeyusha kidogo kitaiharibu kwa kuiyeyusha sana. Kabla ya kupuliza kitu usichokijua, kijaribu kwenye zile fremu tupu zilizobaki baada ya kung'oa vipande. Watu huzitupa. Usizitupe.

Kisha msasa. Kwenye bampa fundi hutumia namba 400 na maji. Kwenye kitu kidogo kama changu, 600 au laini zaidi, na kwa kidole kimoja. Nia ni kuifanya plastiki isiwe kioo, basi. Mikwaruzo midogo midogo ambayo jicho halioni ndiyo mahali pa praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza, kutia kucha. Mtu akichimba mifereji, rangi itaionyesha mifereji yote, na atasema tena kwamba rangi ni feki.

Ndipo praima yenyewe. Mafundi wengine huiita andakoti, na ugomvi wa majina hayo nimeusikia sana gereji, siuingilii. Kwa polipropilini kuna ya kwake, nyembamba, haina rangi ya maana, imetiwa dawa yenye klorini ambayo huelewana na plastiki hiyo upande mmoja na rangi upande wa pili. Ni mkalimani. Viwandani huweza pia kupitisha ulimi wa moto mbio juu ya bampa, uso uungue kidogo sana, ushikwe na oksijeni, na papo hapo plastiki hupata kiu ya maji. Nimeona watu wakijaribu hilo kwa mtungi wa gesi. Kati ya kuipa bampa kiu na kuifanya uji kuna kufumba jicho tu, na mimi nisingemkabidhi mtu bampa yangu kwa hilo, kama ningekuwa nayo.

Kwa gari langu dogo, praima ya kawaida ya kupuliza ilitosha. Lakini hapa ndipo mkono unapofundishwa. Tikisa mkebe mpaka uone umechoka, halafu endelea. Simama umbali wa shibiri moja na ziada. Anza kupuliza kando ya gari, pita juu yake, umalizie upande wa pili ukiwa umeshalivuka, ili matone mazito ya mwanzo na ya mwisho yaanguke hewani. Pita haraka. Mara ya kwanza iwe kama umande, plastiki bado ionekane. Subiri. Mara ya pili. Subiri. Mimi nilitaka ifunike mara moja, na kwenye jaribio langu la pili praima ikajaza vijitundu vya grili ya mbele, Datsun ikawa haina pua.

Rangi ya praima nayo ina neno. Nyekundu juu ya kijivu hupoa, juu ya nyeupe huwaka. Boneti nyeusi haijali. Ukitaka kupaka fedha, kama rimu za magurudumu, tanguliza nyeusi, fedha itakuwa na kina. Lakini kijivu ina faida ambayo nyingine hazina: inasema ukweli. Ile plastiki tupu huficha mikwaruzo na mistari ya kalibu. Ukiipiga kijivu, kila kasoro hujitokeza. Fundi huiita praima shahidi. Anasema wateja hawampendi shahidi huyo.

Hapo ndipo tulipofika kwenye maneno ya kweli, tumekaa juu ya ndoo za rangi, mvua inagonga mabati. Nikamuuliza, fundi, wewe unajua haya yote. Mbona bampa za Maua zinaambuka?

Akaniambia, mwalimu, mteja hulipia anachokiona.

Anafika na Probox saa mbili asubuhi. Nyingine ilitoka kiwandani na bampa nyeusi, rangi imo ndani ya plastiki yenyewe, na kiwanda hakikujisumbua kuipaka kitu. Mteja anataka iwe nyeupe yote, ipendeze. Fundi anamwambia kuosha, msasa, praima ya plastiki, kusubiri, rangi, kusubiri, klia ya kufunika, ilale usiku. Mteja anamwangalia kama amemtukana. Saa saba miraa inashuka kutoka shambani, imefungwa ndani ya majani ya mgomba, na miraa haingoji mtu. Baada ya siku mbili hivi huwa imenyauka, bei imekufa. Gari lazima liwe Nairobi usiku huu. Piga tu rangi, fundi, nisafiri. Na fundi ana watoto.

Nilikuwa nimekuja na jibu la kemia, nikapewa jibu la saa. Mji wetu unaishi kwa kukimbizana na jani linalonyauka, na bampa zetu zinaambuka kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna gari Maua linalolala gereji siku mbili kwa hiari. Na akaniongezea jambo lililoninyamazisha. Kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022 ndege za miraa za kwenda Mogadishu zilisimama. Mnaikumbuka njaa ya miaka ile, sina haja ya kuwasimulia. Magari yalilala, na wenye magari wachache waliokuwa na akiba wakaona heri wayatengeneze wakati yamesimama. "Bampa nilizopaka miezi ile," akasema, "mpaka leo hazijaniletea mtu." Hakusema kwa fahari. Alikuwa akikwaruza rangi kavu kutoka kwenye kucha huku akiangalia mvua.

Ushauri wangu kwa wenye Probox, kwa kuwa leo kipaza sauti kiko kwangu: kama bampa yako ilikuja nyeusi, iache nyeusi. Kule Lamu mwaka 2018 waliunda jahazi la Flipflopi, fundi mkuu akiwa Ali Skanda, lenye urefu wa kama mita 9, kwa tani 10 hivi za taka za plastiki. Mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Lina rangi kama kanga za harusi, na zile rangi ni ndara kuukuu, kama 30,000, zilizokatwa zikafunika ubavu wote. Kila nikiona picha yake huwa nafikiri kuhusu Probox. Rangi iliyo ndani ya plastiki haina mahali pa kuambukia.

Sasa hali ya hewa, na hapa wenzetu wa tambarare mnivumilie. Milima ya Nyambene si mahali pa kupuliza rangi ovyo. Dawa iliyomo ndani ya rangi ikiruka huupoza uso, na uso ukipoa katikati ya ukungu, unyevu wa hewa hutua juu yake, rangi ikapata weupe kama kioo kilichopumuliwa. Boneti yangu nyeusi niliipuliza saa moja asubuhi mwezi wa saba. Ilikauka ikiwa na sura ya jivu la jikoni. Teremka chini mpaka Murera, karibu na lango la mbuga ya wanyama, safari fupi tu, ugomvi unageuka: jua na upepo mkavu huikausha rangi ikiwa bado hewani, inafika kwenye gari ikiwa unga, ukipapasa ni kama ulimi wa paka. Kwa Maua mimi nimejiwekea dirisha langu. Saa tano asubuhi hadi saa tisa, siku ambayo kilele cha mlima kimeonekana tangu asubuhi, na mkebe umekaa dakika chache ndani ya bakuli la maji vuguvugu. Maji vuguvugu nimesema, si jiko. Mkebe wa kupuliza ukiwekwa jikoni ni bomu.

Baada ya rangi kuna kufunga. Praima ni mlango wa kuingilia, klia ni mlango wa kufunga nyuma yako. Rangi peke yake huchunwa na vidole na kuchujuka kwa jua. Klia ya kung'aa huilinda zaidi, lakini gari dogo linalong'aa sana huonekana kama peremende. Kwa hiyo wanaojua hufanya hivi. Hupiga kwanza klia ya kung'aa. Juu yake hubandika zile stika za maji, namba za mashindano na majina ya wafadhili, kwa sababu stika ikiwekwa juu ya uso wenye mikwaruzo hunasa hewa chini yake na kung'aa fedha fedha kila taa inapoipiga. Stika zikishakauka, hupiga klia isiyong'aa juu ya yote. Hiyo ina unga laini ndani unaoutawanya mwanga, na unga huo hukaa chini ya mkebe. Ukiutikisa kivivu, au ukiupiga mzito siku ya ukungu, unakupa barafu nyeupe juu ya kazi ya mwezi mzima.

Kwenye magari makubwa klia nyingi ni ya mikebe miwili, unachanganya na kikaushio. Nzuri mno, ngumu kama kucha. Lakini ndani ya kikaushio kuna kemikali ziitwazo isosayaneti, na hizo huweza kumpa mtu pumu ambayo itamfuata maisha yote. Nimewaona vijana wetu wakiipuliza na leso imefungwa mdomoni. Leso huzuia vumbi la barabara, basi. Wenye gereji mnaonisikiliza, barakoa yenye vichujio vya kemikali ni gharama ya kazi kama ilivyo gharama ya kompresa. Hata mkebe wangu mdogo mimi hupulizia nje, mbuzi wamehamishwa.

Gari langu sasa liko dirishani. Nyekundu, boneti nyeusi, stika zimekaa, mlango wa kushoto haujaambuka. Mtoto wa dada yangu aliona picha akaniambia, mjomba, sasa piga klia ya mwisho umalize. Nikamwambia bado. Nimewahi kuliona gari la Safari kwa macho yangu, na halikuwa safi. Nilikwenda shambani kwa mama, nikachota udongo mwekundu konzi moja, nikaukausha juani, nikauchuja kwa kichujio cha chai mpaka ukawa laini kama kakao. Nimeuchanganya na klia kidogo na kuupaka kwa brashi chini ya milango na nyuma ya magurudumu, kule ambako matope huruka. Mama alipoona nachuja udongo kwa kichujio chake cha chai aliuliza maswali ambayo sitayarudia hewani.

Kilichobaki ni mkono mmoja wa klia isiyong'aa kuushika huo udongo usimwagike. Lakini leo ni ukungu, na jana ilikuwa ukungu, na nilipotoka nyumbani kilele hakikuonekana. Kikionekana kesho, saa tano nitakuwa nyuma ya nyumba.